Jibu la Mkono wa Kushoto

Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba yangu hapa Kalenga, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilisimama mbele ya ubao miaka thelathini na mitatu, na miguu hii haitaki tena kusikia habari za kusimama. Wajukuu wa majirani huja jioni na simu zao. "Bibi Madamu, hili neno maana yake nini?" Kabla sijavaa miwani, simu imeshajibu. Wananiaga, wanakwenda zao, na kesho yake wanakuja na neno lile lile. Zamani ningewafokea. Siku hizi nawajibu tu, au naiachia simu ifanye kazi yake.

Lakini ninyi mnaoanza ualimu, na ninyi mnaohangaika na Kiingereza huko mliko, Iringa kwenye baridi au Mbarali kwenye mpunga, kuna jambo nataka kuwaambia wakati akili bado inashika. Linahusu maneno, na linahusu binti mmoja niliyemkosea. Nianze na maneno, maana ndiyo yaliyonilisha.

Hakuna mtu aliyewahi kukukalisha chini akakufundisha kwamba mkulima, kilimo na shamba lisilolimika ni ndugu. Ulilijua lima ukiwa mgongoni kwa mama yako, na hao wengine ukawatambua mmoja mmoja kwa sura. Kiingereza nacho kiko hivyo hivyo, ila mashina yake mengi wameyachukua kwenye Kilatini. Port ni kubeba. Ukishajua hilo, export ni kubeba kupeleka nje, import ni kubeba kuleta ndani, porter ni mbebaji, na report ni habari uliyoibeba ukairudisha kwa aliyekutuma. Neno moja umelisoma, matano umepata. Mkikutana na neno refu msianze mwanzoni mkaenda mkijikwaa herufi kwa herufi. Tafuteni shina kwanza, kisha mwulize kilichobandikwa mbele kinafanya nini, na kilichobandikwa nyuma kinafanya nini. Daftari la msamiati msilipange kwa alfabeti. Ukurasa mmoja shina moja, na kila ukikutana na ndugu mpya unamwandika hapo kwao. Ukurasa wangu wa port ulijaa mpaka nikabandika karatasi nyingine kwa gundi ya ugali.

Hapo bado hamjamaliza. Shina linakufikisha mlangoni tu. Ndani kuna watu wenye nyumba, wana desturi zao, na usipozijua utakaa sebuleni unashangaa. Niliwahi kuwapa kidato cha nne habari ya ufahamu kuhusu bwana mmoja Mwingereza ambaye kila Jumamosi alikata nyasi mbele ya nyumba yake. Swali likauliza kwa nini alizikata. Darasa zima, isipokuwa watoto wawili wa watumishi wa serikali, waliandika kwamba alikuwa anawakatia ng'ombe wake chakula. Nikawapa sifuri. Mmoja akanyoosha mkono.

"Madamu, kama hana ng'ombe, nyasi anazipeleka wapi?"

"Anazitupa."

"Anazitupa?" Darasa likaguna. Shule ile ilikuwa kwenye tambarare ya Usangu, jirani na Rujewa, na nusu ya watoto wale walikuwa wa wafugaji. Nyasi za kutupa wakati wa kiangazi kwao ni habari ya mwendawazimu. Walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezitupa. Leo ningewapa maksi wote, kisha tungekaa tuzungumze juu ya watu wanaopenda kutazama nyasi. Wakati ule nilipiga kofi mezani nikasema tuendelee.

Ndivyo nilivyokuwa. Kila Jumatatu niliandika ubaoni maneno ishirini na maana zake. Ijumaa nikawauliza. Aliyekosa zaidi ya matano alipiga magoti kando ya ukuta hadi kipindi kiishe. Ijumaa nyingine ukuta wote ulikuwa umepangwa watoto, na mimi nikajiona mwalimu mkali anayejua kazi yake. Sikuwa kijana hata, msije mkanitetea kwa hilo. Nilikuwa nimeshavuka arobaini.

Habari za mashina sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na mtunza stoo wa shule, na nilifundishwa nikiwa nimechelewa. Aliitwa Mzee Mgaya, mtu wa Njombe, mfupi, mwenye sweta moja la kijani alilolivaa hata kwenye joto la Rujewa. Ujanani alikuwa seminari, akaacha kabla ya upadre kwa sababu ambazo hakupenda kuzieleza na mimi sikumuuliza. Kazi yake shuleni ilikuwa kupima maharage, mchele na unga wa chakula cha mchana. Kilatini chake alikaa nacho humo stoo pamoja na panya. Stoo ile na ofisi yangu vilitenganishwa kwa mbao tu, tukitumia mlango mmoja wa nje. Nilikuwa namsikia akizungumza na kiranja wa chakula kila asubuhi huku wakichambua mchele, na nilidhani wanasali.

Kiranja wa chakula ndiye Mbuke. Binti wa kidato cha nne, mrefu, mkimya, wa familia ya Kisukuma iliyohamia Usangu na ng'ombe wake kabla hajazaliwa. Kwao kulikuwa mbali, alipanga chumba na wenzake wawili karibu na shule. Darasani hakuwa wa mwisho wala wa kwanza. Ukutani Ijumaa alikuwepo mara nyingi kuliko asivyokuwepo, maana kukariri orodha hakukuweza.

Zilipobaki wiki chache kufikia mtihani wa taifa, niliwaona kidato cha nne wamelegea. Nikaamua kuwatia hofu. Nikafungua kitabu changu cha chuo, nikachagua maneno kumi ambayo sikuwahi kuwafundisha na niliamini hawawezi kuyajua: manuscript, audible, lucid, benevolent, sinister na mengine ya namna hiyo. Nikaandika na mwongozo wa kusahihishia, nikauweka kwenye droo isiyo na kufuli. Lengo langu lilikuwa wafeli wote, wajione.

Wakafeli kweli. Aliyefanya vizuri alipata mawili, na hayo nadhani alibahatisha. Halafu nikafika karatasi ya Mbuke. Manuscript, ameandika ni kitu kilichoandikwa kwa mkono. Audible, kinachoweza kusikika. Benevolent, mwenye kuwatakia wengine mema. Kiingereza chake kilikuwa kinayumba, lakini maana zilikuwa zimesimama. Kumi, kakosa moja tu. Kwenye sinister, ambalo ni kitu chenye dalili ya uovu, yeye aliandika: anayetumia mkono wa kushoto. Nikacheka peke yangu ofisini, nikaweka mkasi mwekundu mkubwa wa kosa. Kisha kicheko kikanikatika, nikatazama tena yale tisa, nikatazama na droo.

Sikumuuliza. Hilo ndilo kosa langu, na mengine yote yalizaliwa humo. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule nikamwambia kiranja wa chakula, anayepita mlango wangu kila asubuhi, ameiba mwongozo. Mzee Mgaya angeweza kunieleza, lakini alikuwa amekwenda msibani kwao Njombe wiki ile.

Mkuu alimwita baba mzazi. Siku ya tatu akaja, Mzee Luhende, amevaa koti juu ya kanzu fupi ya kazi na viatu vya matairi vyenye matope ya majaruba ya mpunga. Akakaa ukingoni mwa kiti. Mbuke akaitwa kutoka darasani. Alipofungua mlango na kumwona baba yake, alipiga magoti pale pale kwenye sakafu, akainamisha kichwa, akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Unaona, Mkuu," nikasema. "Hata hatujamuuliza, ameshaanza kuomba msamaha."

"Anasalimia huyo, mwalimu," Mzee Luhende akasema. "Ananiamkia."

Sikumsikiliza. Mzazi yeyote angesema hivyo, nikajiambia. Na mkuu alikuwa ameshaandika: mwanafunzi alikiri kwa kupiga magoti.

Vijana, mimi ni Mhehe. Nimezaliwa hapa hapa. Baba yangu alipotoka shamba, mimi na dada zangu tulimwamkia tukiwa tumekunja magoti, na tusipofanya hivyo mama alitutazama mpaka tukumbuke. Nilikuwa najua kabisa goti la mtoto wa kike mbele ya baba yake ni nini. Lakini nilikuwa nimekaa shuleni miaka mingi kiasi kwamba mtoto akigusa sakafu kwa goti, mimi niliona mwenye kosa tu. Nilikuwa nimewapanga ukutani kwa mamia. Macho yangu yalishazoea. Naona aibu kuliandika hili hata leo.

Nikamwuliza kwa Kiingereza kama aliingia ofisini kwangu au hakuingia. Akanyamaza. Wakubwa watatu walikuwa wanazungumza, na kwao, kama kwetu, mtoto haingilii. Nikaupokea ukimya ule kama jibu la pili. Akasimamishwa masomo wiki tatu. Kesho yake asubuhi mstarini, mbele ya shule nzima, nilipanda juu ya kile kijiwe cha bendera nikasema kwa Kiswahili, ili wote waelewe vizuri, kwamba Mbuke Luhende ni mwizi wa majibu na yeyote atakayemfuata atakwenda njia yake. Kutukana kwa Kiswahili mstarini ilikuwa ruhusa. Mengine yote tuliyasema kwa Kiingereza.

Jumatatu Mzee Mgaya akarudi na sweta lake. Nilimsikia akipima maharage peke yake. Baadaye akachungulia ofisini kwangu akanisalimu.

"Kamwene, Madamu. Kiranja wangu yuko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kujivuna kidogo, kama mtu aliyemnasa mwizi. Akaomba aione karatasi, nikampa. Akavuta kiti, akavaa miwani yake iliyofungwa waya, akasoma huku kidole kikipita chini ya kila neno.

"Haya ni yetu," akasema. "Manus, mkono. Audire, kusikia. Bene, vema. Haya tumeyasema pale kwenye mchele. Mtoto ana njaa ya maneno huyu, Madamu. Ukimpa moja anataka na ukoo wake."

Bado nilikuwa mbishi. Nikamwambia huenda alijua mawili matatu na mengine akaiba. Mzee akafika kwenye mkasi mwekundu, akaubonyeza kwa kidole.

"Na hili la mkono wa kushoto? Kama aliiba majibu yako, hili aliliiba wapi?"

"Sinister kwa Kilatini ni kushoto," akaendelea taratibu. "Nilimwambia siku tulipozungumza yale mahubiri ya kondoo kuwekwa kuume na mbuzi kushoto. Akanibishia sana. Akaniuliza mbuzi wamekosa nini, kwao mbuzi ndiye anayelipa ada. Hapo tukacheka, wali ukaungua jikoni, na sikummalizia. Sikumwambia kwamba wale watu wa kale waliona kushoto ni upande wa mkosi, ndiyo maana Mwingereza akilitumia leo anamaanisha ubaya. Ningemwambia angeelewa, maana hata yeye hawezi kumpa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto. Kosa hilo ni langu, si lake."

Mwongozo wangu ulikuwa na jibu sahihi. Mwizi angelinakili. Jibu lile baya ndilo lililokuwa shahidi wake, na mimi nilikuwa nimelicheka na kulichora mkasi.

"Madamu unajua suspect, kushuku?" Mzee akaniuliza akiwa ameshasimama. "Spect ni kutazama. Sub ni chini. Ulimtazama kwa chini chini. Basi sasa mtazame tena."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la mashina. Nililia, na wala sikujificha.

Jumamosi nilipanda basi hadi Igawa, nikachukua bodaboda. Tulifuata mifereji, tukapita majaruba yaliyovunwa, tukatokea kwenye mbuga kavu yenye vumbi jeupe. Dereva alinishusha kwenye zizi kubwa la miiba. Mzee Luhende alikuwa anamfunga ndama. Hakunifokea. Angenifokea ningejisikia nafuu. Aliniletea kigoda, akamwita mama Mbuke, nikapewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikanywa huku nikiwaeleza kila kitu. Nilisema nimekosea. Nilisema mtoto arudi, mtihani umekaribia, nitamfundisha mwenyewe kila jioni.

"Mimi sijamkataza," Mzee Luhende akasema. "Ng'ombe nimeuza asome, nitamkatazaje? Ni yeye anasema harudi. Muulize mwenyewe."

Mbuke alikuwa nyuma ya nyumba anatikisa kibuyu cha maziwa, anatafuta siagi. Alisimama aliponiona. Nikamwambia Mzee Mgaya amenieleza. Nikamwuliza lile swali nililopaswa kumwuliza siku ya kwanza, alijuaje yale maneno.

"Leo ndiyo unaniuliza, Madamu?"

"Leo ndiyo nakuuliza."

Akarudi kutikisa kibuyu. Kisha akasema bila kunitazama, na sasa nilijua kwamba ni heshima, si hatia: "Wale wa chumbani wamehamisha vitu vyangu nje. Wanasema wakilala na mwizi daftari zao zitapotea. Hata sokoni Rujewa naitwa Majibu. Nikirudi nitakaa na nani?"

"Nitawaambia."

"Ulinitangaza mstarini, Madamu. Ukitaka nirudi, unitangaze hapo hapo."

Nikamwahidi. Kwenye bodaboda ya kurudi ndipo nilipoanza kuogopa. Mwalimu wa miaka yangu kupanda kwenye kijiwe kile kusema nimedanganya, mbele ya watoto mia nne na walimu niliowazidi umri. Nilijiona nikichekwa kwenye kila kona ya shule hadi nistaafu.

Mkuu wa shule naye hakunisaidia. Alikuna kidevu, akasema barua ya kusimamishwa ataifuta, hilo halina shida. "Lakini mstarini, Madamu, mwalimu akiomba radhi nidhamu inabaki wapi? Basi kama ni lazima, iwe fupi. Na iwe kwa Kiingereza. Sheria ya shule."

Nawaambia ukweli, sheria ile niliipokea kwa furaha. Usiku mzima niliyapanga maneno yangu. Sikuwa na nia ya kudanganya, nilijiambia hivyo. Nilikuwa nakwenda kusema ukweli wote. Ila niliuvika nguo nzito za Kiingereza ili uingie mstarini usitambulike.

Mtaniuliza kama alifanya mtihani na kama alifaulu. Alifanya, na Kiingereza alifaulu vizuri, na leo ni mtu mzima mwenye kazi yake huko Mbeya mjini, na tunasalimiana kwenye simu sikukuu zinapofika. Nimeyasema hayo sasa ili msiyasubiri, maana siyo hayo yaliyonifanya nishike kalamu.

Jumatatu ile Mbuke alikuja. Alisimama nyuma kabisa, pembeni ya mstari wa kidato cha nne, pengo la watu wawili kati yake na mwenzake wa karibu. Wimbo wa taifa ukaimbwa, ratiba ikasomwa. Nikapanda kwenye kijiwe. Nikaanza. Nilisema I hereby retract, nikasema the allegation, nikasema unsubstantiated, nikaongeza inadvertent na misapprehension, sentensi moja ndefu ambayo hata walimu wawili wa sayansi waliitazama ikipita. Watoto walinitazama kwa adabu, hawakuelewa hata kidogo. Wengine walidhani natangaza ukaguzi. Mkuu akatikisa kichwa kunikubalia, yamekwisha. Na mimi nikashusha pumzi, nikageuza mguu kushuka.

"Madamu."

Sauti ilitoka nyuma. Mbuke alikuwa ametoka nje ya mstari. Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile, wala sikuwahi kuyaona macho yake moja kwa moja mpaka asubuhi ile.

"Madamu, mimi nimeelewa," alisema kwa Kiswahili, shule nzima ikasikia. "Retract ni kuvuta nyuma. Umevuta maneno yako. Lakini wenzangu hawajaelewa. Waambie kama ulivyowaambia siku ile."

Mkuu akafungua mdomo, nadhani alitaka kumkumbusha sheria ya lugha. Mlangoni mwa stoo Mzee Mgaya alikuwa amesimama na kopo la kupimia maharage, hakusogea.

Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kuujaza uwanja ule hadi mchana. Nilikiacha. Nikarudi juu ya kijiwe.

"Mbuke hakuiba," nikasema. "Yale maneno aliyajua kwa akili yake mwenyewe. Mimi mwalimu wenu nilimsingizia, na sikumuuliza hata swali moja. Hata leo nilitaka kuwaficha. Nisamehe, Mbuke."

Hakuna aliyecheka. Hilo nililoliogopa usiku kucha halikutokea. Mbuke aliinamisha kichwa kidogo, akageuka, akarudi kwenye mstari wake. Wasichana wa kidato cha nne wakasogeleana, wakamwachia nafasi katikati yao.